Sista na Ndege Yake ya Mbao

Ukifika zahanati ya shamba letu la chai na homa, jino, mimba au kidole kilichokatwa, neno la kwanza ulilolisikia halikuwa pole. Lilikuwa "nawa kwanza." Sista alilisema bila kuinua macho, akionyesha kwa kidevu karai la maji lililokuwa mlangoni na kipande cha sabuni pembeni yake. Hata mtu aliyepotea njia akaingia kuuliza gari za Sotik husimama wapi, alinawa. Meneja mpya alipokuja kujitambulisha, suti na tai, alinawa, na wachumaji waliokuwa kwenye foleni wakapata la kuongea mpaka mwisho wa mwezi.

Tulimwita Sista tu. Jina alikuwa nalo, tena zuri, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitumia, hata pasta. Alikuwa muuguzi na mkunga wetu, wa pekee, na mimi nilikuwa msimamizi wa chumba cha kunyaushia majani pale kiwandani. Nilitoka upande wa Kisii kutafuta kazi nikiwa kijana, nikabaki. Yeye alikuwa Mkipsigis wa Londiani. Aliniita Baba Moraa kwa sababu Moraa, kifungua mimba wangu, alimpokea yeye. Aliwapokea pia wawili waliomfuata. Kwa hiyo ninapomzungumzia Sista, namzungumzia mtu aliyewaona wanangu kabla sijawaona mimi.

Hakunywa chai. Chai ilimzunguka kila upande, ukifungua dirisha lake ungeweza kuichuma, lakini yeye alikunywa maji ya moto matupu. Alisema ameiona miguu ya watu wangu wakigeuza majani kule juu, na mtu aliyeona miguu ile hawezi tena kuinua kikombe. Nilimwambia mara nyingi kwamba watu wangu huvaa viatu vya mpira safi. Alinijibu kwamba viatu huvaliwa na miguu.

Kanisani alikaa kiti cha mbele na kulala mahubiri yote, mgongo wima, kisha akaamka kwenye wimbo wa mwisho na kuimba kuliko kwaya. Aliyekuja Jumatatu na kichwa kilichotokana na pombe ya Jumapili alipewa dawa chungu kuliko zote kabatini, na mpaka leo nashuku haikuwa dawa ya kichwa. Aliogopa kupanda juu. Ngazi ya kwenda kwenye chumba changu ilikuwa fupi tu, lakini aliipanda akishika chuma kwa mikono miwili na kunong'ona sala. Ndege ya abiria hakuwahi kuipanda, wala hakutaka.

Na hakuna kilichomuudhi kama ishara. Mama mjamzito akija analia kwamba bundi ametua juu ya paa, Sista alimkalisha chini na kumwambia kwamba bundi hana habari na mimba yake, anatafuta panya. Alisema hivyo mwaka nenda mwaka rudi. Ndiyo maana nilishangaa yeye mwenyewe alipojitafutia ishara yake, tena kubwa kuliko bundi.

Ilianza na boksi. Mzungu mmoja aliyekuwa meneja alikuwa anarudi kwao, akawa anagawa vitu vya nyumba. Watu walichukua viti, mapazia, mashine ya kukatia nyasi. Likabaki boksi moja refu kama mlango ambalo hakuna aliyelitaka, kwa sababu ndani yake hamkuwa na kitu bali vipande. Mbao nyepesi kiasi kwamba ukizipuliza zinasogea, magurudumu, waya, karatasi kubwa za ramani, marobota ya plastiki nyekundu, injini ndogo ya petroli, na redio ya kushika mkononi yenye vijiti viwili na antena ndefu. Ilikuwa ndege ya kuunganisha mwenyewe, si ya kupanda bali ya kuiongoza ukiwa chini. Mzungu alikuwa ameinunua aijenge akipata nafasi, na nafasi haikupatikana. Sista alilitazama boksi, akatazama picha iliyokuwa juu yake, akawaambia vijana wawili walibebe mpaka stoo ya zahanati. Tulicheka sana. Mke wangu alisema labda anataka mbao za kuwashia moto.

Mimi ndiye niliyeambiwa ukweli, na nadhani ni kwa sababu mke wangu ndiyo kwanza alikuwa amepata mimba ya nne. Nilikwenda kuchukua vidonge vyake vya damu Jumamosi alasiri, mvua ikinyesha kama kawaida ya alasiri za kwetu. Nilinawa. Sista alifunga mlango, akanyoosha mkono wa kulia mbele yangu juu ya meza.

"Angalia hii mkono," alisema.

Nilitazama. Mikono ya Sista niliijua, kila mtu aliijua. Mifupi, mipana, kucha zimekatwa mpaka mwisho. Wanawake walisema ukiwa katika uchungu na mikono ile ikakugusa, nusu ya hofu huondoka hapo hapo. Sasa mkono wa kulia ulikuwa ukitikisika, kidogo sana, kidole gumba kikigonga meza kama mtu anayewaza jambo.

"Ni uchovu, Sista."

"Uchovu nauelewa," alisema. "Hii si uchovu."

Alikuwa amekwenda kwa daktari Kericho. Daktari alimwambia hali hiyo haitapungua, ila hakuweza kumwambia itaongezeka lini. Siku nyingine mkono ulitulia kabisa, siku nyingine ukaamka ukitikisika. Kilichomkosesha raha si maumivu, maana hayakuwapo. Ni kwamba hakujua kama bado ana haki ya kupokea mtoto. Kumwuliza meneja ilikuwa ni kumwuliza asiyejua. Kuwauliza wanawake ilikuwa ni kuwatia hofu, na hakukuwa na mkunga mwingine karibu. Basi akaamua kuiuliza ile ndege. Kila ubavu wa bawa lile ulitakiwa kusimama wima, kila pini mahali pake. Kama mikono yake ingeweza kuijenga ikanyooka na kuruka, ingeweza pia kupokea watoto. Kama isingeweza, angerudisha ufunguo wa zahanati na kwenda kwao Londiani.

Nilimkumbusha habari za bundi. Alinitazama vibaya, akanipa vidonge vya mke wangu, akafungua mlango.

Alijenga kwa vifaa alivyovijua. Mbao alizikata kwa wembe wa upasuaji. Gundi aliitia kwenye bomba la sindano na kuidondosha tone tone kwenye kila kiungo. Mbavu za bawa alizishika kwa zile koleo za kubania mishipa ya damu mpaka zikakauka, na bawa zima lililala juu ya mlango wa zamani uliowekwa kwenye stuli mbili, chini yake ramani, juu ya ramani karatasi ya nailoni ili gundi isishike. Kabla ya kuanza alinawa mpaka viwikoni. Aliyeingia stoo ile alinawa pia, na aliongea kwa sauti ya chini, ingawa hakuna aliyeambiwa afanye hivyo.

Siku mkono ulipokuwa mbaya hakujenga. Alifunika kazi yake kwa shuka, akakaa nje ya mlango akinywa maji yake ya moto na kugomba na kuku wa jirani. Siku mkono ulipotulia alijenga mpaka giza likaingia, akiimba wimbo wa mwisho wa Jumapili iliyopita. Nilijifunza kusikiliza nikipita. Nikisikia wimbo, nilikwenda nyumbani na moyo mwepesi na kumwambia mke wangu kwamba Sista yuko sawa. Nikisikia akigomba na kuku, sikumwambia kitu.

Sasa, watu wa nchi ya chai tuna tabia moja. Kwetu hakuna kinachokauka. Mvua ikinyesha kila alasiri, nguo hukaa kwenye kamba mpaka zikanuka. Kwa hiyo kila kitu tunakipeleka kiwandani. Kule juu kwenye chumba changu kulikuwa na vitanda virefu vya wavu ambavyo majani mabichi hutandazwa juu yake, na chini yake feni kubwa husukuma hewa ya moto usiku na mchana mpaka majani yakalegea. Pembeni mwa majani, meneja asipokuwa karibu, nimekausha kanzu za kwaya, magodoro, mahindi ya mwaka wa mvua nyingi, na mara moja zulia la pasta. Basi Sista aliposema gundi ya mabawa imekataa kukauka kwa sababu ya unyevu, mimi na yeye hatukuwaza mara mbili. Alipanda ile ngazi akinong'ona sala, akayalaza mabawa mawili kwenye kitanda cha mwisho, akayafunika kwa chandarua, akaniambia niyalinde.

Asubuhi gundi ilikuwa imekauka vizuri sana. Na bawa la kulia lilikuwa limejikunja. Ukichuchumaa na kulitazama kwa jicho moja kutoka shinani, ungeona ncha yake imeinuka, imegeuka kidogo, kama mtu anayetaka kutazama nyuma.

Sista alipitisha kidole kwenye ncha ile. Halafu akasema, polepole, "Ni hii mkono."

Nilimwambia si mkono, ni hewa. Hewa ya moto hutoka chini, mbao za chini zimekauka kabla ya zile za juu zikavuta. Majani yenyewe hujikunja hivyo hivyo, ndiyo sababu tunayageuza. Nilieleza kwa bidii, nikarudia, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyonitazama kwa huruma. Alisema ningesema hivyo hata kama si kweli, kwa sababu nina mtoto njiani. Lilikuwa kweli kwamba ni hewa, na lilikuwa kweli pia kwamba ningesema hivyo hata kama si hewa.

Nilichoweza kufanya ni kumshawishi alinyooshe kwanza, atoe hukumu baadaye. Tulilipitisha bawa kwenye mvuke wa boila mpaka mbao zikalegea, tukalipinda upande wa pili kidogo kupita kiasi, kisha akalifunga kwa bandeji juu ya ubao ulionyooka, kuanzia shinani hadi nchani, kama mguu uliovunjika. Alifunga kwa uzuri ambao sijauona tena. Tulipolifungua baada ya wiki, lilikuwa limenyooka. Lakini mtihani wake ulikuwa umeharibika, maana hakujua tena kama bawa lilinyooshwa na mikono yake au na mimi na boila yangu. Basi alisema itabidi ndege yenyewe iseme, ikiwa hewani.

Plastiki nyekundu aliibandika kwa pasi ya makaa. Mara moja pasi ilizidi moto ikatoboa mkia, na tundu lile alilifunika kwa plasta nyeupe ya vidonda, akalipapasa. Fundi wa misumeno ya kukatia mikaratusi alimwashia injini na kuirekebisha, akisema ni ndugu mdogo wa injini zake. Kijitabu cha maelezo Sista alikisoma mpaka kurasa zikaanza kuachia. Jioni nyingi alisimama kwenye kiwanja cha mpira na redio yake kifuani, akiiendesha ndege chini kwenye nyasi, kwenda na kurudi, bila kuiruhusu kupaa. Mke wangu wakati huo alikuwa ameanza kutembea akishika kiuno.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa, kabla ya mvua. Hakutangaza, lakini shamba zima lilikuja, wengine bado na Biblia kwapani. Mabawa yalipounganishwa yalizidi urefu wa mtu mzima. Kiwanja kilikuwa kifupi mno kwa kutua, na Sista alikwisha kulifikiria hilo: aliniomba nijue ni kipande gani cha chai kimefikia kuchumwa lakini hakijachumwa, chenye majani mengi juu, na akasema atatua pale, juu ya chai yenyewe. Ng'ombe walikimbia injini ilipoguruma. Ndege ilikwenda, ikaruka kidogo, ikagusa nyasi, kisha ikaondoka. Watoto walipiga kelele.

Ilipaa juu ya nyumba za wafanyakazi, nyekundu juu ya kijani kile chote, na ikageuka vizuri juu ya mikaratusi. Halafu ilipokuwa ikirudi tuliona mabawa yakitikisika. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, kidogo kidogo, bila kupumzika. Mama mmoja akasema inatusalimia. Mara wanawake wote wakaanza kuipungia mikono, na wengine wakaijibu salamu kwa Kipsigis na kwa Kikisii, wakicheka. Mke wangu naye alipunga, mkono mwingine tumboni.

Mimi nilitazama redio. Kidole gumba cha Sista kilikuwa juu ya kijiti, na kilikuwa kikigonga vile nilivyokiona kikigonga meza. Kila pigo lilikwenda juu, likaandikwa kwenye mabawa, mbele ya watu wote, na hakuna aliyejua kusoma isipokuwa sisi wawili. Sista hakutazama mkono. Alitazama juu tu, uso wake umetulia, nao watu wakipunga. Aliizungusha mara moja tena, akapunguza injini, akaishusha juu ya chai niliyomwonyesha. Michai iliipokea kama godoro. Hakikuvunjika kitu isipokuwa gurudumu.

Watu walipokimbilia ndege, sisi tulibaki.

"Umeona," aliniambia.

"Nimeona, Sista."

"Basi Mama Moraa umpeleke Kericho, hospitali kubwa. Mapema, msingoje uchungu ianze."

Nilibishana naye. Nilimwambia ndege imeruka na imetua, mtihani ameupita. Nilimwambia barabara ni mbovu, mvua ni nyingi, na hakuna mwingine aliyegundua chochote. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Wale watatu niliwapokea na mikono," akasema. "Huyu nitampokea na nini?"

Nilikasirika, tena sana. Niliona ametuacha wakati tunamhitaji, na kwa sababu ya mchezo wa mzungu. Mke wangu alilia, akasema afadhali mikono ya Sista inayotetemeka kuliko mikono ya mwingine iliyotulia. Lakini tulikwenda. Tuliondoka kesho yake, Jumatatu, kwa lori la kiwanda, mto umejaa, maji yakipita juu ya daraja, na mtoto alizaliwa Kericho siku mbili baadaye, msichana, tukamwita Kwamboka kwa kuwa tulivuka. Hakukuwa na tatizo lolote. Hata Sista angempokea bila taabu, na wazo hilo lilinisumbua kwa muda mrefu.

Tuliporudi, alikuwa amekwisha kuondoka. Ufunguo aliurudisha kwa meneja Jumatatu ile ile, ndege ikafungwa juu ya lori la kuni, na Sista akakaa mbele na dereva, redio mapajani. Muuguzi mpya alikuwa kijana mpole. Alisema pole kwanza. Karai lilibaki mlangoni mpaka likashika kutu, na mimi ndiye niliyeliondoa, maana nilichoka kuliona.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha nilipokwenda Londiani kutafuta mbegu za viazi. Kwamboka, aliyekuwa karibu kuanza shule, aliganda kwenye suruali yangu mpaka nikaenda naye. Nikauliza kwa Sista, na kila mtu alipajua. Nyumba ya mbao, ng'ombe watatu, baridi ya kuuma masikio. Alikuwa amekonda. Sasa mikono yote miwili ilitikisika, na haikupumzika hata ilipolala mapajani. Ndege ilining'inia darini juu ya viti, nyekundu yake imepauka, plasta nyeupe bado mkiani.

Alitupa maziwa, nusu kikombe nusu kikombe, akibeba kimoja kimoja kwa mikono miwili, na sikuthubutu kuinuka kumsaidia. Aliuliza habari za Moraa na wale wawili kwa majina yao. Aliuliza kama watu wangu wameosha miguu. Tulicheka. Kisha akamtazama Kwamboka, aliyekuwa amejificha nyuma ya kiti akiitazama ndege.

"Na huyu?"

"Huyu ndiye wa Kericho, Sista."

Alisimama, akatoka nje polepole, nikasikia maji yakimiminwa kwenye karai. Alinawa muda mrefu. Aliporudi mikono ilikuwa imelowa mpaka viwikoni, na aliishika juu, mbele ya kifua, bila kugusa kitu, vile nilivyomwona mara tatu akiingia chumbani kwa mke wangu. Akakaa, akainyoosha kuelekea kwa mtoto. Ilitetemeka mno.

"Nyanya, unasikia baridi?" Kwamboka akauliza.

"Hapana, mama," akasema Sista. "Inakusalimia."

Kwamboka alifikiri kidogo. Kisha akatoka nyuma ya kiti, akainyoosha yake, akaanza kuitikisa vile vile, kushoto, kulia, kuijibu salamu, mpaka akafika. Sista akamshika kwapani, akamwinua, mtoto mzima wa kwenda shule, akamweka mapajani pake. Nilitaka kumwambia ni mzito. Nikamwacha ampokee.